Kagua toi kabla hujalipa

Nimeuza matoi Kariakoo kwa miaka tisa. Fremu yangu ilikuwa Mtaa wa Likoma, nyembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na likiingia kumi la mwisho la Ramadhani sakafu ilikuwa haionekani kwa maboksi. Siku hizi nauza vyombo vya jikoni. Sikuacha kwa uchamungu. Kodi ya fremu ilipanda nikashindwa. Nalisema hili mapema usije ukadhani unasomeshwa na malaika. Mengi ya nitakayokueleza nimeyajua kwa kuyauza.

Kilichonizindua ni pete. Ile pete ya mpira yenye kitaa kinachowakawaka, watoto wanaipenda usiku wa sikukuu. Bei yake ya jumla ilikuwa ndogo mno, tulikuwa tunaigawa kama nyongeza. Idi pili nikampa moja mtoto wa mdogo wangu, wakati huo ana miaka mitatu. Kesho yake akaamka na kamasi jeusi upande mmoja wa pua, lina harufu. Tukasema mafua, tukamfukiza. Siku ya pili ndipo tukaenda hospitali. Daktari akamulika, akachomoa betri ndogo kama kifungo cha shati. Ukuta wa katikati ya pua ulikuwa umeshaungua. Akauliza kile kitu kilitoka wapi. Mdogo wangu akaniangalia, hakusema neno. Nikasema, "Kwangu."

Basi ukiniuliza tuanze na nini, tunaanza na betri.

Betri za saa

Watu wengi hudhani hatari ya hizi betri bapa za kung'aa ni dawa ya ndani kuvuja. Sivyo hasa. Betri ikikwama kooni au puani, unyevu wa mwili unaunganisha pande zake mbili, umeme unapita, na pale kwenye upande hasi inazalika kostiki, jamii ile ile wanayotengenezea sabuni. Ndani ya saa mbili inaweza kuwa imeshaunguza umio vibaya. Hata betri iliyochoka, isiyoweza tena kuwasha kitaa, bado inabaki na nguvu ya kuunguza. Ya kuogopwa zaidi ni ile iliyoandikwa CR2032. Namba hizo zina maana: 20 ni upana kwa milimita, 32 ni unene, yaani milimita 3.2. Upana huo ndio unaokwama kwenye umio wa mtoto mdogo, na volti zake 3 ni mara mbili ya zile ndogo za volti 1.5.

Dukani fanya hivi. Uliza, "Hili linatumia betri gani?" Ukijibiwa "sijui, jaribu tu, linawaka", geuza toi mwenyewe utafute mlango wa betri. Mlango wa maana umefungwa kwa skrubu, na skrubu yenyewe haidondoki hata ukiilegeza yote. Inabaki imeshikilia mfuniko. Mlango wa kusukuma kwa kidole gumba, rudisha toi rafuni. Na usikubali kuambiwa "nitakufungia na selotepu, mama, halitoki". Hiyo kauli nilikuwa naitoa mimi mwenyewe mara kumi kwa siku.

Kuna vitu ambavyo mnunuzi havihesabu kuwa ni toi, na ndimo betri hizi zilimojaa: pete za taa, kadi inayoimba ukiifungua, mishumaa ya plastiki ya mapambo, vishikio vya funguo vyenye kitochi. Vingi havina mlango kabisa, betri imebanwa kwa kipande cha plastiki tu. Na ukinunua gari la rimoti, kagua rimoti pia. Nimeona akina baba wanapindua gari zima mpaka matairi, rimoti hawaigusi.

Kibomba cha tishu

Kipimo cha pili unacho chooni. Kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki tishu ikiisha, kiweke kwenye mkoba. Kitu chochote kinachopenya humo, mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe. Maabara wana kopo lao maalumu lenye upana wa milimita 31.7, limetengenezwa kufuata koo la mtoto. Kibomba cha tishu ni kipana kuliko hilo, kwa hiyo kitakukatalia hata vitu ambavyo maabara ingevipitisha. Acha kikatae. Mipira midogo ya kudunda ina kipimo chake: Wamarekani hawataki mpira wa mtoto mdogo uwe chini ya milimita 44.45, kwa sababu kitu cha duara kikiingia kinaziba kama kizibo, hakiachi hata upenyo wa pumzi.

Lakini usipime toi zima ukaridhika. Toi zima mara nyingi ni kubwa. Pima kitakachochomoka: jicho la mdoli, tairi, kitufe cha pua ya dubu, na kile kidude kinacholia "pii" ndani ya bata wa mpira. Vuta, zungusha, minya. Ulaya, maabara huvuta jicho la mdoli kwa nguvu kama umelining'inizia kilo 9, na toi huangushwa mara 5 juu ya sahani ya chuma kutoka kimo cha sentimita 85. Wewe dukani hufiki huko, na muuzaji atakukodolea macho. Mwambie, "Kaka, nikivuta likachomoka, nalipa." Anayeujua mzigo wake atakuachia uvute. Anayekudaka mkono kabla hujagusa, huna haja ya kumuuliza kitu kingine.

Midoli ya manyoya ina siri yake kwenye mshono. Shika pande mbili za mshono kwa vidole gumba, utenganishe kama unayepasua papai bivu. Ukiona uzi mmoja mmoja na kilichojazwa ndani kinachungulia, mdoli huo utamaliza wiki mbili tu kabla mtoto hajaanza kula vya ndani.

Puto nalo. Puto zima lililojaa upepo halina neno. Hatari ni lililopasuka, au ambalo halijapulizwa na mtoto analitafuna. Kipande chake kinajilaza kooni na kufuata umbo la njia ya hewa. Pakiti za Marekani zinatakiwa kubeba onyo kwa watoto wa chini ya miaka 8. Miaka tisa kaunta, hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza habari ya puto. Baada ya sherehe zoa vipande vyote kabla hujazoa sahani.

Boksi linavyosema, na lisivyosema

Kuna alama ya duara jekundu yenye uso wa mtoto aliyenuna na mstari umemkata, imeandikwa 0-3. Maana yake ni kwamba ndani kuna vitu vidogo vya kumpalia mtoto wa chini ya miaka mitatu. Nikiwaonesha akina mama, jibu lilikuwa moja: "Aa, wangu ana akili sana, yuko mbele ya umri wake." Dada yangu, alama ile haikupimi akili. Mtoto mwenye akili ya miaka mitano bado ana koo la miaka miwili, na bado anaionja dunia kwa mdomo.

Herufi CE zisikupumbaze. Ni kauli ya mtengenezaji mwenyewe kwamba toi limefuata masharti ya soko la Ulaya; si muhuri wa mkaguzi aliyelishika toi lako. Kuzichapa kwenye boksi ni wino tu. Tafuta badala yake vitu ambavyo mwongo huona uvivu kuviandika: jina kamili na anwani ya kiwanda, namba ya toleo, umri, maelekezo ya betri. Boksi lenye picha ya toi jingine kabisa, au jina maarufu lililokosewa herufi moja, liache.

Kwetu Tanzania bidhaa nyingi zinazoingia hutakiwa kukaguliwa huko zinakotoka kabla ya kupakiwa, na mwagizaji hupewa cheti cha ulinganifu, yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba mzigo umefuata viwango. Utaratibu huo wa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ulianza 2012. Kenya, shirika lao la viwango, KEBS, wana wao. Cheti hakibandikwi kwenye toi, kipo kwa aliyeleta mzigo. Ukinunua moja moja huwezi kudai karatasi, lakini ukinunua kwa jumla, kwa ajili ya chekechea au kuuza mtaani, iulizie. Huwa naona aibu kusema mara ngapi niliulizwa: mara moja, na mwalimu mmoja wa watoto wadogo kutoka Mbagala.

Niseme na hili la "matoi ya Mchina". Mwaka 2014 nilikwenda China, mara ya kwanza na ya mwisho. Tulishukia Guangzhou, tukapanda basi mpaka Chenghai, kule Shantou, ambako kila upande ni viwanda na maduka ya matoi. Kwenye ukumbi mmoja nikaoneshwa gari lile lile kwa bei tatu. Kwa macho hutofautishi. Mkalimani akanieleza: la juu lina skrubu kwenye betri, ekseli ya chuma na karatasi ya maabara kuhusu rangi, la kati lina skrubu, karatasi halina, la chini halina hiki wala kile. Nikachukua la chini. Wenzangu wote niliosafiri nao walichukua la chini. Kwa hiyo Mchina alituuzia tulichoomba.

Na makampuni makubwa hayajasalimika. Mwaka 2007 kampuni ya matoi ya Mattel ya Marekani iliyarudisha kutoka sokoni mamilioni ya matoi yake. Baadhi yalikuwa na madini ya risasi kwenye rangi iliyopakwa viwandani China, lakini fungu kubwa zaidi lilikuwa na sumaku ndogo zilizokuwa zikichomoka, na kosa la sumaku lilikuwa la usanifu wa Mattel yenyewe. Mwezi wa Septemba mkubwa wao mmoja alikwenda Beijing kuomba radhi.

Sumaku, rangi na harufu

Hizo sumaku zinastahili aya yake. Mtoto akimeza sumaku moja ndogo, mara nyingi inapita. Akimeza mbili kwa nyakati tofauti, au moja na kipande cha chuma, zinatafutana ndani ya tumbo, zinaubana utumbo katikati yake, damu haipiti, na pale panatoboka. Dalili za mwanzo ni tumbo kuuma na kutapika, kitu ambacho kila nyumba wataita minyoo au chakula kibaya. Zile gololi ndogo za sumaku za kuunganisha maumbo, zenye nguvu ya ajabu, usiziingize nyumba yenye watoto hata kama ulizinunua kwa ajili ya meza ya ofisini. Vivyo hivyo vile vichembe vya rangi ambavyo ukivitia majini vinavimba kuwa kama gololi: vikimezwa vikiwa vidogo, vinavimba tumboni na kuziba utumbo, na kwenye picha ya eksirei ya kawaida mara nyingi havionekani.

Risasi kwenye rangi huwezi kuiona wala kuinusa, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Unachoweza kukagua ni kama rangi itaishia mdomoni. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa, sugua sehemu yenye rangi kali, hasa njano na nyekundu. Kikitoka na rangi, rudisha. Kwaruza kwa ukucha mahali pa kona. Ikibanduka kama ngozi ya kitunguu, rudisha. Rangi isiyobanduka si ushahidi kwamba haina risasi, ila angalau haiendi tumboni leo. Kwa mtoto anayetafuna bado, mimi napendelea toi la plastiki iliyotiwa rangi tangu ndani, au la mbao isiyopakwa kitu.

Halafu nusa. Plastiki laini, ya midoli ya kuoga na vinyago vya kuvaa usoni, ikiwa na ule mnuko mkali wa ndala mpya uliofungiwa kwenye kontena, ujue pengine imelainishwa kwa kemikali ambazo Ulaya na Marekani wamezibana zisizidi asilimia 0.1 kwenye matoi. Kuanika juani kunaondoa harufu. Kilainishi kinabaki.

Pua nayo ina mipaka. Mwaka huo huo wa 2007, kulikuwa na shanga za kuchezea zilizoitwa Bindeez Australia na Aqua Dots Marekani, unazinyunyizia maji zinashikana. Kiwandani walibadilisha kemikali moja ya gundi kwa nyingine, na hiyo nyingine ikimezwa, mwili huigeuza kuwa dawa ya kulevya. Watoto walizimia. Hakuna mnunuzi ambaye angeligundua hilo dukani.

Haya mengine harakaharaka. Toi la kukokota au filimbi ya kuning'iniza shingoni: kamba isizidi sentimita 22 kwa mtoto mchanga, na isiwe na kitanzi. Bastola za Idi zenye vidonge vya plastiki: hatari ni jicho, sina zaidi. Toi linalopiga kelele, lisogeze sikioni mwako mwenyewe kwa sekunde kumi, kwa sababu mtoto atalisogeza. Gari la kuchaji: lichajiwe mtu mzima yuko macho, na betri ikivimba usiiguse tena. Mfuko wa nailoni lilimofungashiwa toi, utupe siku hiyo hiyo. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Juni 2019, ila hii ya kufungashia bado ipo na ni ile ile ya kumziba mtoto pumzi.

Kwa mtumba nina maneno mawili. Toi la mtumba la Ulaya au Marekani mara nyingi limetengenezwa kwa uimara kuliko jipya la bei ya kutupa, hilo kweli. Lakini hujui ni la mwaka gani, boksi halipo, na limeshavutwa macho na mtoto mwingine miaka mitano. Marekani iliipiga marufuku rangi yenye risasi kwenye matoi mwaka 1978. Kitu cha mbao kinachoonekana cha zamani, chenye rangi nene iliyopasukapasuka, kikae rafuni kama pambo.

Likishatokea

Mtoto amepaliwa na hawezi kulia wala kukohoa: usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani. Wa chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, mpige mgongoni katikati ya mabega mara 5 kwa kiganja. Haitoki, mgeuze, mbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5, na urudie. Aliyezidi mwaka, mgongoni mara 5, kisha mkumbatie kwa nyuma umbane juu ya kitovu mara 5 kwa kuvuta ndani na juu. Mwombe nesi wa kliniki akuoneshe siku ya chanjo. Kusoma ni tofauti na kufanya.

Amemeza betri, au unashuku tu: hospitali yenye eksirei, sasa hivi. Usimtapishe. Usimpe chakula. Kama amevuka mwaka mmoja na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6, mkiwa njiani. Asali inapunguza kasi ya kuungua. Haitoi betri, na kwa foleni zetu hizi haifai kuwa sababu ya kungoja. Mtoto wa chini ya mwaka asipewe asali. Ukifika mapokezi usiseme "amemeza kitu". Sema "amemeza betri ya saa", na kama una pakiti au toi lenyewe, nenda nalo. Kwenye picha sarafu huonekana duara moja, betri huwa na mviringo mwingine ndani ya ukingo, na anayesoma picha akijua anatafuta nini ataiona upesi.

Toi lililofeli vipimo hivi, usimpe mtoto wa jirani wala dada wa kazi akampelekee wa kwao kijijini. Lirudishe ulikonunua ukiwa na risiti. Muuzaji akikataa, chukua picha ya toi na boksi uzipeleke TBS, wana ofisi Ubungo, Dar es Salaam. Betri zilizokwisha zifunge selotepu pande zote mbili kabla ya kuzitupa, maana watoto wa mtaani kwetu huokota kila kinachong'aa. Zangu nazikusanya kwenye kopo la maziwa lililofungwa kwa waya, juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa. Yule mwenye pete sasa ana miaka 11 na mkono wake unafika pale juu, kwa hiyo wiki iliyopita nimelihamisha.